Mashine Iliyofukizwa Udi

Mpaka leo nikishuka kwenye bodaboda pale Nangurukuru kuna watu wakiniona tu wanavuta hewa puani kwa kelele, fyuuu, halafu wanaulizana, "Jamani, harusi iko wapi?" na mimi najifanya nainama kufunga kamba za viatu (hata siku niliyovaa kandambili) mpaka wamalize kucheka. Basi kwa kuwa habari yangu imeshafika Somanga na Kiranjeranje ikiwa imetiwa chumvi mpaka haitambuliki, wengine wanasema mashine ililipuka, wengine wanasema nilizirai mbele ya mgeni rasmi, nimeona afadhali niwasimulie mwenyewe, ili mkinicheka mnicheke kwa jambo la kweli. Sikuzirai. Nilitamani sana, lakini sikubahatika.

Mwenzenu naitwa Somoe, mtoto wa Kivinje, na kazi yangu ni kupima moshi. Ndiyo, moshi, moshi wa malori. Najua mnavyowaza, maana jirani yetu mmoja alimuuliza mama yangu hivyo hivyo, "Somoe anaupima moshi ili iweje, unauzwa?" na mama akamjibu, "Hata mimi sijui, shoga yangu, lakini kila mwezi analipwa." Niliajiriwa na mradi mmoja mdogo ulioletwa huku kwetu kwa ajili ya haya malori makubwa ya dizeli yanayopita barabara ya kusini usiku na mchana, yale ambayo moja likikupita ukiwa umevaa nguo nyeupe unafika uendako umevaa nguo ya kijivu. Kazi yenyewe si ngumu. Una mashine ukubwa wa sanduku la nguo, ina mrija mrefu, unauchomeka mrija kwenye bomba la moshi la lori, dereva anakanyaga mafuta mpaka chini bila kuweka gia, moshi unaingia kwenye kijichumba kidogo ndani ya mashine, kina joto, upande mmoja kuna taa na upande wa pili kuna kioo kinachopokea ule mwanga. Moshi ukiwa mzito mwanga haupiti. Hewa safi ni sifuri, giza tupu ni mia, na ukizidi kiwango taa nyekundu inawaka na huna cha kubishana nayo.

Sasa mtoto wa kike wa Kivinje kasomea moshi kwa nini? Kwa sababu ya baba.

Baba yangu, Mzee Nassoro, ni dereva wa lori lake mwenyewe, na hilo lori lina umri kama wangu. Amebebea korosho za Rutamba na Kitomanga, amebebea chumvi, mbao, mabati ya watu, na miaka hii ya karibuni anabeba jasi, yale mawe meupe yanayochimbwa huku kwetu kwa ajili ya viwanda vya saruji. Siku niliyozaliwa alimwita mchoraji akaliandika lori usoni kwa rangi nyekundu, MAMA SOMOE, kwa heshima ya mama, na mama badala ya kufurahi akanuna ("Jina langu linafika Mtwara, mimi mwenyewe Mchinga sijafika!"). Lakini lile lori, jamani, lilikuwa linatoa moshi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunajua baba amerudi kabla hatujamwona, tunaona wingu jeusi kule kwenye kona, na wanawake wa mtaa mzima wanakimbilia kamba za nguo huku wakipiga kelele, "Anueni, anueni, Mama Somoe huyo anakuja!"

Na kila jioni baba akirudi, mama alimvua shati kabla hata hajakaa vizuri, akalitandaza juu ya kitenga chake cha kufukizia nguo, chini akaweka chetezo chenye makaa, udi kidogo, ubani kidogo, shati likakaa pale mpaka harufu ya dizeli iishe. Haikuwa inaisha. Ilichanganyika na udi tu, na hiyo ndiyo harufu ya baba ninayoijua tangu nina akili, udi na dizeli kwa pamoja, na nilipokuwa chuo Dar nilikuwa nikipitiwa na lori barabarani machozi yananilenga kwa hamu ya nyumbani (msiniulize, mimi na baba yangu tuna mambo yetu). Ila nilipokuwa chuo ndipo pia baba alipoanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha asubuhi, kinamkunja mpaka anashika ukuta, halafu ananyanyuka anasema "alhamdulillahi" na kwenda zake kuwasha lori lile lile linalomkohoza. Nikasema, mimi na huu moshi tutaonana.

Basi bwana. Mwaka huo wenye machimbo ya jasi walitangaza kwamba msimu ukianza hakuna lori litakaloruhusiwa kupakia bila stika ya kijani ya mradi wetu. Madereva walikuja juu, wakasema tumeletwa kuwaua kwa njaa. Baba yeye aliuza mbuzi wake mmoja mmoja, akaliingiza lori kwa fundi, na masika yote akashinda kule gereji, pampu ikashushwa, nozeli zikabadilishwa, ringi zikabadilishwa, chujio la hewa likawa jipya, mpaka mama akawa anapeleka chakula gereji kama anayehudumia mgonjwa hospitali. Mpaka mbuzi wa mwisho alipouzwa ndipo lori likawaka. Hakikubaki kitu. Lori lisipopata stika hapo, baba hana mzigo msimu mzima, na hana tena cha kuuza ili alirudishe kwa fundi.

Mimi ndiye niliyependekeza kwa bosi wangu, Injinia Kalinga, mtu wa taratibu sana anayetembea na chupa yake ya maji ya moto, kwamba siku ya uzinduzi lori la kwanza kupimwa hadharani liwe la baba. Niliona fahari, nawaficha nini. Nilitaka madereva wote waone lori kuukuu la Mzee Nassoro linapata kijani, waache kulalamika, na nilitaka baba apigiwe makofi. Injinia akakubali.

Mashine kwa kawaida inalala ofisini kwetu, mjini Masoko. Lakini siku moja kabla ya uzinduzi nikamwambia Injinia, "Kwetu Kivinje ni karibu na Nangurukuru, niache nilale nayo nyumbani, asubuhi niwahi." Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka mama aione, maana alikuwa amechoka kuulizwa na majirani na hana la kujibu.

"Shikamoo mama," nikaingia nayo nimeikumbatia.

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Akaizunguka. Akaigonga kidogo kwa kidole. Akainama akainusa, halafu akanitazama kwa mshangao. "Mbona inanuka kama baba yako?"

Nikamwambia imepima malori wiki nzima, lazima inuke. Mama akatikisa kichwa. "Na kesho unaiweka mbele ya wageni ikinuka hivi? Watasema huyu mtoto wa nani, hana mama?" Nikacheka, nikadhani ni maneno tu, nikaenda kula.

Asubuhi nimetoka kuoga, nakuta mashine ya mradi, mashine iliyotoka ng'ambo kwa ndege, imekalishwa juu ya kitenga cha kufukizia nguo, imefunikwa khanga mpya ya mama ambayo hata mimi sijawahi kuazimwa, na moshi wa udi unatoka pembeni taratibu, na mama amechuchumaa pale na magoti yake mabovu, anaisomea dua kwa sauti ndogo, "Yaa Rabbi mfungulie Somoe wangu, mfungulie na baba yake." Sasa hapo nyie mngefanya nini? Ningeweza kusema, mama, ondoa hiyo. Neno moja tu. Lakini nilimwangalia alivyoishika ile khanga isije ikaungua, nikalegea moyo, nikajisemea, acha tu, moshi kidogo wa udi utaidhuru nini mashine iliyozoea moshi wa malori? Hiyo sentensi, jamani, nikiikumbuka mpaka leo najifunika uso.

Na wala sikujua kwamba alikuwa amefanya zaidi. Alipoona mdomo wa mashine ndio unaonuka dizeli kuliko pengine, akachukua donge la ubani na vijipande vya udi, akavisukumiza mle ndani kwa kijiti, "ili harufu ikae" (maneno yake mwenyewe).

Tukanywa chai na vitumbua, mama akanilazimisha cha pili na cha tatu, nikachelewa. Nimefika Nangurukuru maturubai yameshajaa, muziki unapigwa, malori yamepangwa foleni mpaka barabarani, mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mkoani, ameshakaa kwenye sofa, na Injinia ananitazama huku anatazama saa. Sasa ile mashine kawaida yake inatakiwa ipate moto kwanza, ndipo uioneshe hewa safi ijue sifuri yake ni ipi. Mimi kwa haraka nikaionesha hewa safi ikiwa ya baridi. Ikasema sifuri, nikasema haya, twende kazi.

Baba akaleta lori. Alikuwa ameliosha mpaka matairi. Mwenyewe amevaa shati jeupe la Idi na kofia yake ya kufuma, amekaa kwenye usukani amenyooka utadhani anapigwa picha, na mama yuko mstari wa mbele na wanawake wenzake wa Kivinje, na mimi moyo umejaa fahari. Nikachomeka mrija. Baba akakanyaga mafuta. Moshi wenyewe niliuona kwa macho yangu, mwembamba, wa rangi ya kijivu hafifu, na mle kwenye foleni nikasikia dereva mmoja wa Kitomanga anasema, "Loo, mzee kaliweza!"

Mashine ikasema arobaini na kitu. Nikashtuka. Nikamwashiria baba akanyage tena. Sabini. Akanyage tena. Tisini na saba, taa nyekundu, na ile mashine inapiga kelele pii pii pii kama mtoto aliyebanwa na mlango.

Nikamtazama Injinia. Injinia akaninong'oneza, "Soma, Somoe. Watu wanasubiri." Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza, lakini mshereheshaji alikuwa na spika, na mshereheshaji, Mungu amsamehe, hajui kuacha kitu kikapita, akasoma jina lililoandikwa usoni mwa lori, akapaza sauti mpaka kwenye vibanda vya chipsi, "Tisini na saba! Mabibi na mabwana, Mama Somoe mchafu! Mama Somoe amefeli!"

Wanawake wote wa Kivinje wakageuka wakamtazama mama. Mama akavuta khanga akajiziba mdomo.

Baba akashuka. Hakuharakisha. Alikwenda nyuma ya lori, akatoa leso yake nyeupe ya kufutia jasho, akaitandaza kwenye mdomo wa bomba la moshi huku utingo wake akikanyaga mafuta, akaitazama upande wa ndani, muda kidogo. Kisha akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati. Nilimkimbilia, nikamwambia, "Baba, subiri, nirudie kupima, huenda mashine..."

"Hapana, mwanangu. Imeshasema."

Yule dereva wa Kitomanga akapiga kelele kutoka kwenye foleni, "Mzee Nassoro usikubali! Mashine mbovu hiyo! Sote tumeona moshi!" na wenzake wakaanza kupiga honi. Baba akanyanyua mkono wakanyamaza. Akasema, nakumbuka kila neno, "Mwanangu ndiye aliyesomea. Akisema chafu, ni chafu." Kikohozi kikamshika hapo hapo, akashika bodi la lori mpaka kikapita, akapanda, akaliondoa lori taratibu akashika njia ya Kivinje. Mimi nimebaki na mrija mkononi, na mbele yangu foleni ya malori ambayo sasa hakuna anayetaka kuwa wa pili.

Hapo ndipo mgeni rasmi, kwa wema wake, akaamua kupoza hali. Akasimama akasema kwa bashasha, "Basi pimeni la kwangu, madereva waone hakuna anayeonewa!" Gari lenyewe jipya, la dizeli, bado viti vina nailoni. Watu wakashangilia. Nikachomeka mrija, dereva wake akakanyaga. Tisini na tisa.

Kicheko, jamani, kicheko kilichotoka kwenye ile foleni ya malori, madereva wanaanguka juu ya usukani, honi zinalia zenyewe. Mgeni rasmi ametabasamu lakini tabasamu limeganda. Injinia kijasho kinamtoka, ananiuliza kwa meno yaliyofungwa, "Somoe, umefanya nini?" na mimi kwa kuchanganyikiwa nikauchomoa mrija nikaunyanyua juu hewani, yaani nipime hewa ya Mungu hivi hivi. Mia. Hewa ya Nangurukuru, upepo unaotoka baharini, mia kamili, taa nyekundu.

Na hapo ndipo harufu ilipoanza. Kile kijichumba sasa kilikuwa kimepata moto sawasawa, na ubani ukaanza kuyeyuka. Kwanza nikadhani ni mimi, nguo zangu. Kisha nikaona mgeni rasmi ananusa. Injinia ananusa. Harufu ikatanda chini ya turubai, udi ule mzuri wa mama, udi wa sikukuu, na moshi mweupe mwembamba ukawa unapanda kutoka kwenye tundu la mashine kwa madaha, na mama lishe mmoja kule nyuma, ambaye hakuwa ameona lolote, akasikia harufu akadhani maharusi wameingia, akapiga vigelegele. Wenzake wakamwitikia. Mshereheshaji naye, bila kuuliza, akaweka taarabu.

"Hii harufu ya nini?" mgeni rasmi akaniuliza.

Na mimi, mtaalamu, msomi, nikajibu nimekaza macho, "Ni... ni dizeli safi, mheshimiwa. Ikiungua vizuri huwa inanukia hivi."

"Basi nipe na mimi lita kumi nimpelekee mke wangu!" yule wa Kitomanga akadakia, na hapo ndipo shughuli nzima ilipovunjika, maana hata walinzi walikuwa wamekaa chini wanacheka.

Injinia Kalinga alifungua mashine kwa bisibisi mbele za watu wote. Akaingiza koleo, akavuta taratibu, akatoa donge la ubani, linanata, limeshika vijipande vya udi vimeungua nusu, akaliinua juu lionekane. "Somoe. Hiki ni kitu gani?"

Nilikuwa najua. Nilijua tangu vigelegele vya kwanza, na nilijua nikisema "ni mama yangu" nitamwongezea mama aibu juu ya aibu, na nikisema "sijui" nitakuwa nimemkana. Nikabaki nimesimama hivyo hivyo kama nguzo ya umeme. Na mama akanyanyuka. Alipita katikati ya viti, magoti yanamsumbua, khanga ameishika kifuani, akaja akasimama mbele ya mgeni rasmi.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye Mama Somoe."

Watu wakaanza kucheka kwa lile jina, lakini alipoendelea wakaacha.

"Mashine ilikuwa inanuka dizeli. Mume wangu nimemfukizia mashati yake tangu nimeolewa, anatoka mbele za watu ananukia, hakuna siku aliyosemwa. Nikaona na ya mwanangu niifukizie, naye atoke mbele za watu ananukia. Sikujua itasema uongo." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Aliyefeli ni mimi. Lori la baba Somoe msilitie doa, mume wangu kauza mpaka mbuzi wa mwisho kwa ajili ya hii siku. Na mtoto msimwachishe kazi. Yeye alinihurumia tu."

Akalia. Mimi nikaacha mrija ukaanguka, nikamkumbatia, nikalia zaidi yake, kilio kile cha kwikwi na makamasi, mbele ya mkubwa wa mkoa, na taarabu inaendelea kwa sababu mshereheshaji alikuwa analia naye, kasahau kuizima. Mgeni rasmi alivua miwani akaifuta. Akamwambia mama, "Shikamoo mama," (na nina hakika wamelingana umri), "usilie. Mimi gari langu limeitwa chafu mbele ya madereva wa kusini wote, na bado sijapata siku nzuri kama hii." Kisha akamgeukia Injinia akauliza kama mashine inasafishika. Injinia akasema inasafishika, kwa spiriti na subira, ila leo haipimi tena lori lolote hapa. Shughuli ikaahirishwa. Wali wa wageni ukaliwa.

Alasiri, nyumbani kwetu, tumekaa barazani, lori limesimama uwanjani uso umeelekea ukutani, tukasikia gari. Injinia Kalinga. Ameshuka na mashine, ameisafisha vioo, ameipasha moto, ameionesha hewa safi akiwa na saa mkononi. Hakunisema hata neno, ila aliposalimiana na baba alimwambia, "Mzee, tulikukosea. Naomba uliwashe." Mama akarudi nyuma mpaka kwenye mlango wa jiko, mikono ameificha mgongoni, akawa anapumulia pembeni asije akaipulizia mashine. Hakukuwa na turubai, hakukuwa na spika, wala madereva wa kupiga makofi. Baba akakanyaga mafuta, moja, mbili, tatu. Taa ya kijani. Tena. Kijani. Injinia akabandika stika kwenye kioo mwenyewe, akaipapasa kwa kiganja isiwe na mapovu, baba akasema "alhamdulillahi" akakaa kwenye ngazi ya lori.

Baada ya magharibi mama akatoa kitenga chake na chetezo kama kawaida. Akachukua shati la baba la Idi, akalinusa. Akalinusa tena kwenye kola. "Leo hukuendesha?"

"Nimeendesha. Nangurukuru, kwenda na kurudi."

"Halinuki," mama akasema, kama mtu aliyeibiwa kitu. Akapapasa mfuko wa shati kabla ya kulitandaza, akatoa ile leso. Akaikunjua kwenye mwanga wa taa. Tukaitazama sote wawili. Ilikuwa nyeupe. Katikati kulikuwa na alama ya duara ya bomba, ya kijivu kidogo tu, ambayo ukiipiga sabuni mara moja inatoka. Wakati wangu wa utoto leso hiyo ingetoka nyeusi tii.

Nikamgeukia baba. "Baba, kumbe ulikuwa unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba mashine inadanganya. Ulikuwa na leso mfukoni! Ungeinyanyua tu, watu wote wangeona, na stika ungepata pale pale. Ukaondoka! Msimu mzima, baba, na mbuzi umeshauza!"

Baba alikuwa anakoroga chai yake. Akakohoa kidogo, akaiweka chini. "Ningeinyanyua," akasema, "wewe uso wako ungeuweka wapi?"

Nikaichukua ile leso mkononi mwa mama.

"Lori likifeli lina fundi, mwanangu. Wewe ukivunjika mbele za watu, nikupeleke gereji gani?"

Akachukua chai yake akanywa, na mama akajifanya anapuliza makaa ili tusimwone macho.

Basi, nimeapa. Mashine ya mradi haitalala tena Kivinje maadamu mimi ni hai, na haioneshwi hewa safi mpaka ipate moto, hata mgeni rasmi akisinzia kwenye sofa. Na mtu akiniambia moshi kidogo hauna madhara, wa udi au wa lori, simsikilizi tena. Madereva wanicheke watakavyo. Ile leso nilimwomba baba anipe, akanipa, lakini mama hakukubali niondoke nayo mpaka alipoifukiza. Naiweka kwenye mkoba wangu, mbali kabisa na mashine.